Malisho ya Bondeni

Upepo uligeuka saa nane mchana, cheche zikaruka mtaro wa kuzuia moto. Marlys, kiongozi wa kikosi, aliziona zikitua kwenye misonobari mikavu. Moto ule aliuwasha yeye mwenyewe asubuhi, kwa kibali, ili kupunguza majani na matawi makavu ya msituni kabla ya kiangazi.

"Bosi, tumezingirwa huku juu!" redio ilikwaruza. "Tushukie wapi?"

Palibaki njia moja: kuyachoma malisho ya bondeni, ili watu wake sita wapate pa kukimbilia, ardhi iliyokwisha kuungua isiyoweza kushika moto tena. Katikati ya malisho yale ilisimama nyumba ya mbao, na mwenye nyumba, mzee mmoja, alikuwa langoni, ameshika hatamu za farasi.

"Uliniambia moto hautavuka mtaro!" mzee alifoka.

"Nilikwambia, mzee wangu. Nilikosea. Nina watu sita kule juu."

Mzee aliutazama mlima. Moshi ulikuwa umeumeza mpaka kileleni. Alimvuta farasi mpaka barabarani, akampa Marlys mgongo.

"Basi washa," alisema. "Ila usije ukaniomba msamaha."

Marlys alifungua kopo lake la mafuta ya kuwashia, akautia moto utambi wa mdomoni mwake. Akaliinamisha, na matone yanayowaka yakaanza kudondoka nyasini.