Nyumba ya Duara

Watu walitoka mbali kuja kuutazama mji ule, kwa kuwa kila nyumba ilijengwa mfano wa chungu: kuta za duara zilizotuna, na paa lililokaa kama mfuniko. Tunu alikuja kuitazama nyumba moja tu, ile aliyojengewa na mchumba wake, Makame.

Makame alimpokea kwa furaha, akamwonyesha jiko, kitanda, na ukuta aliousugua mpaka ukang'aa. Tunu alisifu, lakini hakuketi. Aliuzunguka ukuta ule tena na tena huku akiupapasa, akiinua macho kwenye vitundu vya hewa vilivyokuwa juu kabisa, chini ya paa.

"Mbona hutulii, Tunu?"

"Nikitaka kumwona anayepita nje, nitamwonea wapi?"

"Chungu hakina dirisha. Ndiyo desturi ya hapa, na anayetoboa ukuta hufukuzwa mjini."

"Basi sitaweza, Makame. Nitaishi roho juu maisha yangu yote."

Makame alitoka, na Tunu akadhani amekwenda kumtafutia usafiri wa kumrudisha kwao. Kumbe alirudi na nyundo na tindo, akamkabidhi tindo.

"Ishike hapa, usawa wa macho yako."

Pigo la kwanza liliitikisa nyumba nzima. Nje zikasikika hatua za watu wakikusanyika karibu na ukuta. Makame aliendelea kugonga, jasho likimtiririka, mpaka udongo ukaachia na mwanga ukapenya.

Tunu akasogea achungulie, akakutana na jicho la jirani likichungulia ndani.