Mkanda wa Chuma

Mnageuza macho, nawajua. Tangu sheria iwafunge wafanyakazi wa viwandani mkanda wa chuma unaoruhusu miondoko ya kazini tu, usivuliwe hata nyumbani, ninyi mnatazama pembeni.

Mhandisi Sikudhani, aliyeubuni mkanda huo ili kulinda migongo, alikwenda kumjulia hali mdogo wake Bimkubwa, mfumaji kiwandani. Alimkuta mtoto analia mkekani, na mama yake amesimama kama nguzo, mikono inaning'inia.

"Nipe mwanangu, dada."

"Si uiname umchukue!"

Bimkubwa akacheka kicheko kikavu. "Niiname vipi? Ulipima tunavyosukuma mtambo, ukapima tunavyovuta uzi. Kuokota mtoto ulipima lini, mtaalamu wetu?"

Sikudhani akamwokota mtoto, akamweka kifuani pa mama yake anyonye. Lakini kesho nani angemwokota? Mtoto alipolala, akamrudisha mkekani, akatafuta mkasi wa kukatia bati.

"Ukikata, nafukuzwa," alisema Bimkubwa. Hata hivyo akamgeuzia mgongo akate.

Chuma ni kigumu. Sikudhani anakaza, jasho linamtoka, mikono miwili haitoshi. Mtoto ameanza kujinyonganyonga. Wewe unayetazama pembeni, njoo ushike mpini wa pili. Sasa hivi, kabla hajalia tena.