Shamba la Huyu Mama

"Shamba hili ni la nani?" afande aliuliza, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi.

Nyuma yake askari wawili walikuwa wanang'oa bangi yangu, na mahindi niliyoifichia wakayakanyaga vilevile. Mimi nilichuchumaa nikitazama vidole vyangu, vyeusi kwa utomvu usiotoka hata ukisugua kwa jivu.

Shemeji yangu hakusita. "Ni la huyu mama, peke yake. Sisi wa ukoo hatumo kabisa."

Nikamtazama mdomo. Mdomo uleule! Miaka sita tangu nimzike kaka yake, kila nikiomba hati ananiambia mwanamke harithi ardhi. Nilipopanda maharage alivuna yeye, eti shamba ni la ukoo. Ndipo nikapanda kitu ambacho angeogopa kuonekana amekibeba. Kwa hicho wanangu wamesoma. Leo anajitoa kimasomaso!

"Rudia, shemeji," nikasema. "Afande hajasikia vizuri."

"Ni lake!" akafoka. "Lote!"

Nikasimama, nikamnyooshea afande mikono anifunge pingu.

"Basi andika hivyo hivyo, afande. Taja na mipaka, kutoka kijitoni mpaka kwenye ule mwamba. Kisha shemeji atie sahihi, na nakala apewe binti yangu."

Afande akaandika, akamsogezea karatasi. Shemeji akashika kalamu, akainama, halafu mkono ukamganda.

"Tia sahihi, shemeji," nikamwambia. "Au shamba ni lako?"