Mfuko wa Shemeji

Shemeji alitua furushi la mashuka makuukuu mezani, akaomba ashonewe mfuko wa kubebea chakula cha kazini. Mifuko ya dukani, alisema, haimalizi hata mwezi.

Fundi hakulitazama furushi. Alimuuliza lile alilomuuliza kila walipoonana wiki tatu hizi: dada yuko wapi? Shemeji akajibu vilevile, kwa sauti ile iliyofanya mtaa mzima umwite Mpole. Mkewe aliondoka tu, hata viatu hakuchukua.

Shemeji alipotoka, fundi alilia, kisha akajikaza kisabuni. Moyoni alishamzika dada. Mara ngapi alimwona na alama za vidole shingoni, naye akisingizia eti kajigonga mlangoni?

Akaanza kazi kama mama alivyowafundisha yeye na dada: nguo kuukuu hufumuliwa mapindo kwanza, ndipo ikatwe. Kitambaa cha meza kilichokuwamo furushini kilikuwa bado kizito, kingefaa nje. Bitana angeitoa kwenye shuka la maua. Alipofumua pindo la shuka hilo, kikaratasi kikadondoka, kimekunjwa kama kidonge.

"Mdogo wangu, najua mashuka yangu yakichakaa huja kwako tu. Niko kwa yule mkunga wetu wa zamani. Mimi ni mzima. Asijue mtu, maana akinipata safari hii sitapona."

Fundi aliziba mdomo kwa mkono, akacheka huku machozi yanamtoka. Dada yu hai! Na yule mjinga kaibeba siri ya mkewe kwa mikono yake mwenyewe mpaka hapa.

Kikaratasi akakichoma jikoni. Mfuko akaushona kwa roho nyeupe: bitana, mikanda miwili, kifungo kikubwa cha koti. Hakuwahi kushona kitu haraka hivyo.

Kesho yake alasiri shemeji akaja kuuchukua. Fundi alimkaribisha kiti, akamwonyesha mshono ulivyonyooka, akamweleza na namna ya kuufua rangi isichuje. Hata mzaha kidogo alimfanyia, kwamba sasa wenzake kazini watamwonea wivu. Alijiona amejikaza vizuri, hajaonyesha lolote.

Shemeji hakuugusa mfuko. Alirudi mlangoni taratibu, akaufunga mlango kwa ndani na kutia ufunguo mfukoni mwa suruali.

"Wiki tatu hizi, shemeji, hata salamu hunipi kabla ya kuniuliza dada yako yuko wapi," alisema kwa upole uleule. "Leo hujauliza."