Marufuku Kuimba

Wanaume watano waliowahi kukabili vifaru vitani walikuwa wamejibanza nyuma ya mapipa ya divai, wakimwogopa mwanamke mmoja mwenye mkoba wa daktari.

Sauti ya Daktari Zrinka ilisikika wazi kutoka mlangoni. "Mama Mena, nimesikia kama watu wanaimba humu."

"Ni redio hiyo," alijibu Mena, mke wa Bepo mwenye ghala hilo.

"Redio inakohoa?"

"Ya zamani, Daktari. Nayo ilipigana vita."

Nyuma ya pipa, Kuzma aliuma ngumi asicheke. Daktari hakuuliza zaidi. Alimwachia Mena chupa ya asali ya kulainisha koo, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi mapipani: "Wakumbushe akina Kuzma. Kwao ni marufuku kuimba. Hata bafuni!"

Mambo haya yalianza baridi ilipokwisha. Daktari Zrinka aliwakusanya shuleni wanajeshi wastaafu wa mji wetu, wale ambao mapafu yao yalikula moshi wa vita na hayajautema mpaka leo. Alisema utafiti wa huko nje umeonyesha kuwa kuimba kunafungua kifua, naye anataka jambo hilo litoke kwenye makaratasi ya wataalamu, liwafikie wagonjwa wenyewe. Kura ikapigwa ya kuwagawa makundi mawili. Nusu yao waimbe shuleni na mwalimu kila Ijumaa. Nusu nyingine, akina Kuzma, wameze vidonge vyao kama kawaida na wasithubutu kuimba.

Sasa, sisi watu wa pwani ya Dalmatia tuna ugonjwa mmoja usio na mganga: ukitukataza kitu, tumekipenda. Kuzma alitoka pale shuleni akifoka. "Mimi? Nikatazwe kuimba? Adui mwenyewe hakuniweza!" Hakuwa ameimba tangu siku ya harusi yake. Kesho yake alikuwa ghalani kwa Bepo na wenzake wanne, na tangu hapo ikawa ni kila siku baada ya chakula cha mchana.

Na kifua kilifunguka kweli. Kuzma, ambaye zamani hakumaliza ngazi za nyumbani kwake bila kukaa kitako, sasa alizipanda akipiga mluzi. Ijumaa moja alimkuta Zvane, wa kundi la waimbaji, akicheza karata mkahawani.

"We Zvane, leo si zamu yenu shuleni?"

"Koo linaniwasha," alisema Zvane bila kuinua macho.

Kuzma aliondoka akimwonea wivu. Mtu kapewa bahati, anaichezea karata.

Aliyeivunja raha ya ghalani ni Mena. Siku hiyo alikuwa amewaletea mkate na jibini, akasimama kuwatazama, mikono kiunoni. "Shemeji Kuzma, hebu nikuulize. Ninyi msioimba mkipona sawasawa na wale wanaoimba, Daktari ataandika nini?"

Mena akamwekea Kuzma kipande cha jibini mkononi.

"Ataandika kwamba kuimba hakusaidii kitu. Na Roko je?"

Roko ndiye aliyembeba Kuzma mgongoni vitani kumtoa kwenye nyumba iliyokuwa ikiungua. Moshi alioumeza siku ile ndio uliomlaza sasa, mtungi wa oksijeni kando ya kitanda. Nesi alimpa mazoezi ya kupuliza maputo, akayatupa chini: "Kwani leo nimezaliwa?" Utafiti ukifaulu, hospitali itawapelekea watu kama yeye mwalimu wa kuimba hadi kitandani. Ukishindwa, basi. Kuzma alimpenda Roko kuliko ndugu yake wa kuzaliwa, na sasa alijiona anamziba pumzi kwa mkono wake mwenyewe. Akaliweka chini jibini lake.

Siku ya vipimo ukumbi wa shule ulijaa, na mbele aliketi mkuu mmoja wa jeshi aliyetoka makao makuu kuja kuona matokeo. Kuzma alikuwa na mpango wake: apulize kidogo tu, aonekane hajapona, heshima ya utafiti ibaki. Aliinamia mashine ya kupimia pumzi, akapuliza kwa adabu.

"Puliza, bwana!" Zvane alimpigia kelele kutoka nyuma. "Unapoza supu?"

Watu wakaangua kicheko. Hapo fahari ikamshinda mzee wa watu. Alivuta pumzi, akapuliza mpaka msaidizi akamwomba arudie, akidhani mashine imeharibika. Akarudia. Haikuwa imeharibika.

Ikabaki kusema kweli tu. Kuzma alisimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi.

"Daktari, tufute sisi watano. Tumekudanganya. Tumeimba kila siku ya Mungu, kwa ukaidi tu. Usizihesabu pumzi zetu. Nakuomba, Roko asinyimwe dawa kwa upumbavu wangu mimi."

Akajipangusa macho kwa kofia. Bepo akaja kusimama kando yake, kisha na wale watatu wengine, vichwa chini kama askari waliopoteza bunduki.

Mkuu wa jeshi alimgeukia Daktari Zrinka, akingoja kuona atakavyowaka. Daktari alivua miwani, akaipangusa taratibu kwa pindo la koti lake.

"Umesikia mwenyewe, mkuu. Niliowaamuru kuimba wameacha wote, kasoro mmoja. Niliowakataza hawajakosa hata siku moja." Akaivaa miwani yake. "Na wewe Mzee Kuzma, futa machozi. Kesho asubuhi nenda kwa Roko, ukamkataze."