Mashavu ya Msengi

Wallahi hii ni kweli tupu. Kama nadanganya, nioshe vyombo wiki nzima. Mwaka 2071 kila mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwisho alikuwa akiambukizwa makusudi ugonjwa wa wodi aliyopangiwa, auonje kabla ya kuutibu. Msengi, mpenda kioo yule, alitaka ubingwa wa ngozi, lakini wodi ya ngozi akaomba apangiwe baada ya usaili wa ubingwa.

"Niende na upele usoni, mama?"

"Wenzako wanajikuna, wewe unajipodoa!" mama alimcheka.

Mabingwa waliomsaili walimtazama mashavu, wakamfukuza. "Hujawashwa hata siku moja, utamtibu nani?"

Nyumbani akamlilia mama ampake upupu usoni.

Mke wangu akanikatiza. "Baba Chiku, huo mwaka umefika lini?"

Nikaenda kuosha vyombo, huku nikijikuna.