Dadu za Wageni

Daraja lilikuwa linaungua, na msoma mita alikataa kukimbia.

“Nyinyi tangulieni,” alisema. “Mimi nabaki kuwazuia walinzi.”

“Shemeji, acha ushujaa wa bure. Ufunguo tunao, twende zetu,” alisema kaka yake msusi.

“Nimeapa kutomwacha mwenzangu nyuma.”

Msusi alishusha pumzi. Chini ya meza vidole vyake vilikuwa vikisuka nyuzi za pindo la kitambaa, msuko mmoja ukiisha vinaanza mwingine. Hakuwa na habari na daraja wala na walinzi, ambao hata hivyo walikuwa vizibo vya chupa tu. Alichotaka kujua ni kama baba yake angemkubali mwanamume huyu. Posa ililetwa mwezi uliopita, na mzee alijibu kwa ufupi: “Aje tucheze kwanza. Langu nitalisema mchezo ukiisha.”

Mzee alikuwa seremala, na mchezo huo ndio ulevi wake. Yeye husimulia safari, kila mchezaji huchagua mtu wa kuwa, na dadu huamua yatakayomkuta. Kaka yake msusi alikuwa mwizi. Msusi mwenyewe alikuwa tabibu. Msoma mita, kati ya watu wote aliotajiwa, alimchagua askari mtakatifu, yule mpanda farasi mwenye kiapo: hasemi uongo, hapigi mtu mgongoni, hamwachi mwenzake. Hakuna mtu mgumu kumcheza kama huyo, na yeye alimchagua huku anatabasamu, kama mtu aliyetengewa kiti cha mbele.

Nyumba ile ilikuwa na kanuni yake. Kila mtu hutikisa dadu kwenye kikombe chake, hukipindua mezani, huchungulia peke yake, kisha husema alichopata. Cha mwenzako hukichungulii. “Mchezo wa kuchunguzana si mchezo,” mzee alizoea kusema, “ni lindo.”

Leo zilikuwa zimetolewa dadu za wageni, za mbao nyeusi, ambazo mzee huziweka kabatini pamoja na sahani za wageni. Mara ya mwisho zilitoka kwa ajili ya mposaji wa kwanza, muuza matairi. Siku ile walicheza wawili tu, yeye na mzee, na msusi akiwa jikoni alimsikia akishangilia sita baada ya sita. Aliua hata joka, peke yake. Bado mzee alimkataa, na sababu hakuitoa. Hilo ndilo lililomnyima msusi raha: kama mshindi alikataliwa, huyu anayeshindwa atapona wapi?

Maana alikuwa anashindwa kweli. Mambo yalianza vizuri. Kaka alitikisa, akachungulia, akasema “Sita” kwa sauti ya mtu anayedai pongezi, na ufunguo wa gereza ukawa wao. Kisha mlinzi, yaani mzee aliyekunja uso, akamkabili askari mtakatifu.

“Nani kati yenu kaiba ufunguo?”

Kaka alimkanyaga msoma mita mguu.

“Mwenzangu huyu,” msoma mita alijibu. “Lakini ni kwa ajili ya kuwafungua waliofungwa bila kosa.”

“Sasa naelewa kwa nini bili ya maji mtaani kwetu haipungui,” kaka alisema.

Ndivyo walivyofukuzwa hadi darajani, na ndivyo askari mtakatifu alivyobaki peke yake kwenye moto.

“Sita itakuvusha,” mzee alisema. “Chini ya hapo, mtoni.”

Msoma mita alitikisa. Msusi alimkazia macho, akimwomba kwa macho hayohayo.

“Mbili.”

“Basi umeanguka, ila umewahi kushika kamba. Jaribu tena.”

Safari hii alitikisa kwa muda mrefu. Alichungulia, akajifuta jasho la juu ya mdomo.

“Tano,” alisema. “Samahanini.”

Msusi alimpenda na kumkasirikia vyote kwa pamoja. Mzee alimlaza kifudifudi askari wa mbao katikati ya meza.

“Askari amezama. Tabibu anaweza kumwopoa, lakini kwa sita tu. Akikosa, mchezo umekwisha na mimi nitasema langu.”

Msusi aliziachia nyuzi, akashika kikombe. Aliitikisa dadu mara moja tu. Alikipindua, akainua ukingo kidogo, akatazama.

“Sita,” alisema.

Kaka alipiga meza kwa furaha. Msoma mita alifumba macho, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie ndani ya nyumba ile. Mzee alimsimamisha askari wa mbao na kumfuta kwa kidole gumba, kana kwamba kweli ametoka majini.

“Baba, mchezo umeisha,” msusi alisema. “Sema basi.”

Mzee alivivuta vikombe vyote kwake, kisha akamshika msoma mita mkono kwa mikono yake miwili.

“Mwanangu, mimi nimekukubali, tena kwa moyo mweupe. Ila wewe usinijibu leo. Nenda kwanza ukafikirie kama bado unatutaka.”

Msoma mita aliwatazama wenzake, hakuelewa. Mzee akamwekea dadu zote kiganjani.

“Hizi nimezichonga mwenyewe. Zigeuze uone: kila moja ina tano mbili, zimepeana mgongo. Sita sikuichonga hata kwenye moja.”